Nyati wa Malisho ya Usiku: Mhadhara kuhusu Jeni, Mahali na Wafugaji

  

Ukitaja nyati katika ukumbi kama huu, wengi humfikiria mbogo, yule wa Serengeti na Tsavo ambaye mwindaji humwogopa zaidi akishamjeruhi. Huyo hajawahi kufugwa, na leo tunamwacha porini kwake. Ninayemleta mbele yenu ni nyati wa maji wa Asia: anayekamuliwa, anayelima mashamba ya mpunga, anayevuta mkokoteni. Hawa ni spishi mbili tofauti. Mbogo ana kromosomu 52, nyati wa maji ana 50 au 48, wala hawazai pamoja. Nyati wa kufugwa duniani ni zaidi ya milioni 200, karibu wote wako Asia, na India peke yake ilihesabu takriban milioni 110 katika sensa ya mifugo ya mwaka 2019. Ukimwondoa ng'ombe, hakuna mnyama anayeipa dunia maziwa mengi kama yeye. Nyama yake iliyogandishwa husafirishwa kutoka India hadi nchi za Ghuba, kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat na Dubai wamekwisha kumla, wengine huenda bila kujua.

Nimemchagua kwa sababu moja. Kwa ng'ombe wa maziwa, uteuzi wa kitaalamu wa Ulaya na Marekani umekwenda mbali kiasi kwamba mnyama wa Denmark na yule wa Wisconsin wanakaribia kuwa wa zizi moja. Kwa nyati, kazi hiyo ilianza kwa kuchelewa. Ndiyo maana bado tunaweza kusoma ndani ya mwili wake alama za mahali alipokulia na za watu waliomfuga. Hoja yangu kwenu jioni hii ni kwamba hatuwezi kusema aina hii ya mfugo ni bora kuliko ile kabla hatujajua iliteuliwa kwa kazi gani, katika nchi ya namna gani, na watu waliokuwa na shida gani. Kipimo cha lita kwa siku hakijibu hata moja kati ya hayo.

Nyati wa mtoni na nyati wa kinamasi

Nyati wa maji wamegawanyika pande mbili kubwa. Upande wa magharibi, kuanzia India na Pakistani, kupitia Iraki, Uturuki na Misri hadi Italia, yuko nyati wa mtoni. Kwa kawaida ni mweusi, hupenda maji yanayotiririka, na kazi yake kubwa ni maziwa. Upande wa mashariki, kuanzia Assam hadi bonde la Yangtze, Ufilipino na Indonesia, yuko nyati wa kinamasi: wa kijivu, pembe ndefu zilizolala kuelekea nyuma, mabega mazito, na hujizika matopeni mpaka zibaki pua na macho. Huyu ni mnyama wa jembe. Maziwa yake humtosha ndama, na kinachobaki ni kidogo.

Tofauti yao imeandikwa hadi kwenye kromosomu. Zamani sana, katika ukoo wa nyati wa kinamasi, kromosomu mbili ambazo kwa mwenzake wa mtoni ni ya 4 na ya 9 ziliungana zikawa moja. Kwa hiyo wa mtoni ana kromosomu 50 na wa kinamasi ana 48. Ukiwapandisha, ndama huzaliwa na 49. Chotara huyo huzaa, tofauti na baghala, mtoto wa punda na farasi. Lakini 49 haigawanyiki sawasawa wakati mwili unapotengeneza mbegu na mayai. Baadhi ya mbegu hutoka na upungufu au ziada, na uwezo wa kuzaa, hasa wa madume, hushuka. Mipango ya kuongeza maziwa huko China na Ufilipino, iliyowapandisha majike wa kinamasi kwa madume wa mtoni, imelazimika kuishi na hesabu hiyo.

DNA ya mitokondria, ambayo ndama huirithi kwa mama tu, inaonyesha kwamba koo hizi mbili zilikwisha kutengana mamia ya maelfu ya miaka kabla mtu yeyote hajamfunga nyati kamba. Maana yake ufugaji ulianza mara mbili. Nyati wa mtoni alifugwa kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi takriban miaka 6,000 iliyopita. Yule wa kinamasi alifugwa na watu wengine, katika nchi za mpakani mwa China na Indochina, na wanasayansi wengi wanaona kwamba hilo lilitokea baadaye. Muhuri mmoja wa enzi ya Akkad, wenye zaidi ya miaka 4,000, uliohifadhiwa katika jumba la Louvre jijini Paris, unaonyesha nyati wenye pembe pana wakinyweshwa maji. Habari za mnyama huyu wa bonde la Indus zilikuwa zimekwisha kufika Mesopotamia.

Baada ya hapo kila ukoo ulifuata njia yake. Nyati wa mtoni walisafirishwa, wakauzwa, wakatolewa mahari, wakachanganyika. Ukipima mitokondria zao kutoka nchi hadi nchi huoni mipaka iliyo wazi. Nyati wa kinamasi walikaa. Mkulima mwenye shamba dogo la mpunga hana haja ya kuleta dume la mbali, hivyo nyati wa bonde moja wana alama zao za urithi na wa bonde la pili wana zao. Wachunguzi waliposoma jenomu nzima za pande zote mbili, walikuta kwa nyati wa kinamasi dalili za uteuzi katika jeni zinazohusika na neva na misuli. Hilo si ajabu. Mtu anayemtuma mtoto wa miaka minane kumpeleka mnyama wa nusu tani mtoni anahitaji kwanza upole, kisha nguvu.

Ngozi nyeusi chini ya jua

Kabla ya kuzitazama aina mojamoja, tuangalie kile wanachokishiriki wote, maana mabadiliko ya kila mahali yamejengwa juu yake.

Nyati wa maji ana mwili wenye udhaifu ulio wazi. Ngozi yake nyeusi humkinga na miale mikali ya jua, lakini hunyonya joto. Nywele zake ni chache, na tezi zake za jasho ni chache mno zikilinganishwa na za ng'ombe. Ng'ombe mwenye nundu husimama juani saa sita mchana akijipoza kwa jasho, nyati hawezi. Asipopata maji, tope au kivuli, pumzi huenda mbio, huacha kula, maziwa hupungua, na jike huonyesha joto la kupandwa kwa kificho kiasi kwamba mfugaji hupitwa na siku.

Lakini mwili huohuo una vipaji. Kwato zake ni pana na viungo vya juu ya kwato hupinda kwa urahisi, hivyo hutembea kwenye tope ambalo lingemkwamisha ng'ombe. Tumbo lake hupata chakula katika mabua ya mpunga na majani makavu ambayo ng'ombe wa kisasa angeyachezea tu. Maziwa yake yana mafuta ya asilimia 7 hadi 8, karibu maradufu ya yale ya ng'ombe wa kawaida, na ni meupe kwa sababu mwili wake hugeuza karotini ya majani kuwa vitamini A badala ya kuiacha iingie kwenye mafuta. Ndiyo maana hata siagi yake haina umanjano.

Huo ndio mtaji ambao kila jamii ilipokea. Swali ni kila moja ilifanya nini nao.

Banni: nchi ya chumvi

Twendeni Kutch, katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Kaskazini mwa wilaya hiyo, kando ya jangwa la chumvi liitwalo Rann, iko mbuga ya nyasi ya Banni, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,500. Udongo wake una chumvi, mvua ni chache na haitabiriki, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 45. Ukiniuliza mahali pa kumweka mnyama mweusi asiyetoa jasho, hapo pangekuwa pa mwisho.

Hata hivyo wafugaji wa huko, Wamaldhari, wana nyati wanaostawi. Siri yao ni saa. Jioni, jua likishapoa, nyati hukamuliwa na kuachwa waende. Hutembea usiku kilomita nyingi, wakila nyasi zenye chumvi kidogo, mara nyingi bila mchungaji, wakifuata majike wazoefu. Alfajiri hurudi wenyewe, kila kundi kwa mwenyewe, kwa ajili ya kukamuliwa na kuwaona ndama. Mchana hupumzika. Ngozi nyeusi inayomtesa nyati juani haimgharimu kitu gizani, na usiku huo simba wa Gujarat wako mbali, katika msitu wa Gir.

Nyati huyu wa Banni ana pembe zilizojisokota mara mbili, na maziwa yake hayaachwi mbali na yale ya aina zinazosifiwa kuliko zote. Kwa miaka mingi maofisa walimhesabu kama nyati wasio na jina, au tawi la aina nyingine. Mwaka 2010, baada ya wafugaji wenyewe kujipanga na kudai wasikilizwe, mamlaka za utafiti wa kilimo za India zilimtambua kuwa aina kamili, ya 11 kwa nyati wa nchi hiyo. Wamaldhari hawakuwa na vitabu vya usajili. Walikuwa na majina ya majike, mama hadi bibi, na desturi ya kumchagua dume kwa kumtazama mamake: anakamuliwa kiasi gani, anazaa kila baada ya muda gani, anatembeaje, anarudije.

Tuzingatie hilo la kurudi. Je, kurudi nyumbani alfajiri ni jeni? Kwa sehemu tunaweza kufikiri hivyo: nyayo imara, uvumilivu wa chumvi, utulivu wa kutembea gizani, hayo mwili hurithi. Lakini njia yenyewe hairithiwi. Mtamba hujifunza kwa kumfuata mama yake, kama mama alivyomfuata wake. Kwa hiyo ukichukua mbegu ya fahali wa Banni, ukaigandisha katika naitrojeni kimiminika, umehifadhi nusu ya aina hiyo. Nusu nyingine inaishi kati ya jike mzee, mtamba wake, na mbuga iliyo wazi usiku.

Na mbuga hiyo iko mashakani. Miaka ya 1960 idara ya misitu ilipanda huko mti wa Prosopis juliflora ili kuzuia chumvi ya Rann isisogee. Mti ukaitawala nchi. Wakenya waliomo humu hawahitaji kuelezwa zaidi: ndio mathenge uleule uliopandwa Baringo katika miaka ya 1980, ukala malisho, na hatimaye wananchi wa huko wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Banni nako ng'ombe wa aina ya Kankrej waliathirika kwa kula maganda ya mti huo, na familia nyingi zikageukia zaidi nyati. Hapo tunaona jinsi mazingira yanavyobadilisha muundo wa mifugo ndani ya kizazi kimoja tu cha binadamu, kabla jeni hazijapata nafasi ya kubadilika.

Si kila tofauti ni jibu

Baada ya kisa kama cha Banni kuna kishawishi cha kuona hekima katika kila pembe na kila rangi. Mwanasayansi lazima ajizuie. Tofauti kati ya aina mbili inaweza kuwa jibu la mazingira. Inaweza pia kuwa bahati nasibu. Katika kundi dogo, fahali mmoja akizaa sana na mwingine akifa mapema, jeni za wa kwanza huenea hata kama hazina faida yoyote.

Chukueni nyati wa Toda, katika milima ya Nilgiri kusini mwa India, juu ya mita 2,000. Watoda hawali nyama yake. Maisha yao ya ibada yamezunguka maziwa, na baadhi ya majike hukamuliwa katika vibanda vitakatifu. Nyati hawa si weusi, wana rangi ya majivu au kahawia hafifu, na nywele zao ni nyingi kuliko za nyati wa tambarare. Ni rahisi kusema nywele ni jibu la baridi. Lakini nyati hawa ni elfu chache, wamejitenga juu ya mlima kwa karne nyingi, na katika hali hiyo bahati pekee inaweza kubadili sura ya kundi zima. Ili kutofautisha, hatuangalii nywele peke yake. Tunatafuta katika jenomu maeneo ambako karibu wanyama wote wamebeba kipande kilekile cha DNA, wakati maeneo ya jirani bado yana mchanganyiko. Bahati hupunguza tofauti kila mahali kwa pamoja. Uteuzi hupunguza mahali maalumu. Tena tunatazama kama aina nyingine, mahali pengine penye shida ileile, imebadilika mahali palepale pa jenomu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliolinganisha nyati wa India na ng'ombe wa pande nyingi za dunia, ulikuta maeneo yanayofanana ya jenomu yamebeba alama za uteuzi kwa spishi zote mbili. Watu wasiojuana waliteua mambo yaleyale, na miili ikajibu kupitia jeni zilezile.

Nyati wa Chilika, pwani ya Odisha, mashariki mwa India, wako upande ulio wazi zaidi. Ziwa la Chilika linaungana na Bahari ya Hindi, maji yake ni ya chumvichumvi, na jua likizama nyati huingia humo, wakala majani ya majini usiku kucha na kutoka asubuhi. Mtindi wa maziwa yao unasifiwa kwa kukaa muda mrefu bila kuharibika. Banni na Chilika ziko pande mbili za Bara Hindi, nchi kavu moja na ziwa moja, na zote mbili zimefika kwenye mnyama wa usiku anayevumilia chumvi. Sijui ushahidi mzuri kuliko huo wa kwamba mazingira yameshika usukani.

Rangi ya mazishi na jibini ya kiangazi

Mazingira si mteuzi pekee. Mtu huteua pia kwa imani na kwa soko.

Katika milima ya Toraja, kisiwani Sulawesi, Indonesia, nyati huchinjwa kwenye mazishi ya wakubwa, na nyati mwenye mabaka meupe, aitwaye tedong bonga, huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya nyati wa kijivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulitambua mabadiliko mawili katika jeni iitwayo MITF, inayoongoza seli za rangi, yanayoleta mabaka hayo. Na kwa kuwa wako wenye mabaka wasio na lolote kati ya hayo mawili, lazima kuna chanzo kingine. Tazameni sasa kinyume kilichopo. Fahali mwenye mabaka mazuri zaidi ndiye wa kwanza kupelekwa mazishini, mara nyingi kabla hajapandishwa vya kutosha. Sifa inayothaminiwa kuliko zote ndiyo inayochinjwa mapema kuliko zote. Watu wanapopenda jeni kwa namna hiyo, wanaweza kuimaliza.

Italia, soko limefanya kazi nyingine. Kwa asili nyati huanza msimu wa kupandwa mchana unapofupika. Ubongo hupima urefu wa usiku kwa homoni ya melatonini. Karibu na ikweta jambo hilo halionekani sana, lakini kadiri unavyoelekea kaskazini linakuwa sheria. Matokeo yake, nyati wa Caserta na Salerno, katika mkoa wa Campania, kwa kawaida huzaa mwisho wa kiangazi na vuli. Mnunuzi naye anataka mozzarella wakati wa joto. Jibini hiyo ya Campania imelindwa kisheria na Umoja wa Ulaya tangu 1996, na lazima itokane na maziwa ya nyati, kwa hiyo mfugaji hawezi kuziba pengo kwa maziwa ya ng'ombe. Wafugaji wakaanza kuwatenga mafahali vuli na baridi, wakawarudisha zizini majira ya kuchipua. Majike waliokubali kushika mimba nje ya msimu walibaki, waliokataa waliondolewa. Tafiti zimehusisha tofauti hizo na jeni ya kipokezi cha melatonini. Kwa maneno mengine, hamu ya wala jibini wa mwezi wa Julai imeanza kubadilisha saa ya ndani ya mnyama.

Murrah na kipimo cha wote

Sasa tumfikie mfalme. Murrah anatoka Haryana, kaskazini mwa India, maeneo ya Rohtak, Hisar na Jind: mweusi tititi, pembe fupi zilizojikunja, kiwele kikubwa. Nchi yake ina mifereji ya umwagiliaji, majani mabichi, makapi ya ngano na mashudu ya pamba. Katika nchi hiyo ni mnyama wa ajabu, na hakuna anayebishana. China ilimnunua mwaka 1957, Bulgaria mwaka 1962, na uzao wa Bulgaria ukapelekwa Ufilipino katika miaka ya 1990. Brazili nako yupo. Ndani ya India yenyewe, takwimu za sensa ya 2019 zinaonyesha Murrah na wanaofanana naye ni zaidi ya asilimia 40 ya nyati wote.

Uhimilishaji ndio umembeba. Fahali mmoja, kwa mbegu zilizogandishwa, huweza kuwa baba wa maelfu ya ndama katika mikoa asiyoijua. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa maziwa ya Karnal, India, ilifika hata hatua ya kuzalisha ndama wa nyati kwa kunakili seli. Teknolojia hizi ni nzuri na mimi huzifundisha. Tatizo ni fomu tunayoijaza kabla ya kuzitumia. Fomu inauliza lita. Nyati wa Bhadawari, wa makorongo ya mito Yamuna na Chambal, mwenye rangi ya shaba na mwili mdogo, akijazwa kwenye fomu hiyo hushindwa mara moja. Fomu haioni kwamba mafuta ya maziwa yake ni wastani wa asilimia 8 na kwa wengine hukaribia 13, wala kwamba anayatengeneza kwa kula miiba na nyasi kavu za korongoni, kwa mfugaji asiye na shilingi ya kununua mashudu. Akipandishwa Murrah vizazi vitatu, lita zitapanda kwa mwenye mfereji. Kwa mwenye korongo, atapata mnyama mkubwa mwenye njaa.

Hata maabara haijasalimika na kosa hili. Mwaka 2019 jenomu ya nyati wa Italia aitwaye Olimpia ilichapishwa ikiwa imekamilika kwa kiwango kilichozipita nyingi za wakati huo. Kabla ya hapo ilikuwa imetengenezwa chipu ya kupima alama za DNA zipatazo 90,000 kwa mpigo, chombo cha thamani kubwa. Lakini alama hizo zilichaguliwa kwa kuchunguza aina nne: Murrah, Nili-Ravi, Jafarabadi na nyati wa Mediterania, wote wa mtoni. Ukimpima nyati wa kinamasi kwa chipu hiyo, anaonekana maskini wa tofauti. Si maskini. Amevishwa kanzu iliyokatwa kwa mwili wa mwenzake, kisha tukasema ana mabega mabaya. Tofauti zake nyingi ziko mahali ambapo chipu haitazami, na ukisoma jenomu yake nzima unazikuta.

Yupo atakayeniuliza: kama nyati ni zaidi ya milioni 200, kuna hofu gani? Hofu ni kwamba idadi ya wanyama si idadi ya wazazi. Majike laki moja waliohimilishwa kwa mbegu za mafahali kumi, kwa hesabu ya urithi, ni kundi la wanyama wasiozidi arobaini. Vizazi vichache baadaye ndugu huanza kuzaa na ndugu bila mfugaji kujua, na kasoro zilizojificha hujitokeza: ndama dhaifu, mimba zisizoshika, majike wanaokaa muda mrefu bila kuzaa.

Tunachoweza kufanya

Nimezungumza kuhusu India, Italia na Sulawesi kwa sababu nyati wanaishi huko, na sipendekezi mtu aagize nyati kesho. Lakini uamuzi wanaoukabili wafugaji wa makorongo ya Chambal na wa Kutch ni uleule unaowakabili wafugaji wa Ankole nchini Uganda na Rwanda kila wanapoletewa mbegu ya Friesian. Wengi wamepata maziwa mengi, na mwenye malisho mazuri na daktari jirani hana sababu ya kujuta. Ukame unapokuja ndipo tunapokumbuka kwamba ng'ombe mwenye pembe ndefu alikuwa ameteuliwa kutembea.

Kwa hiyo nawaachia wanafunzi wangu mambo matatu ya kazi. La kwanza, orodha za kupimia mifugo ziongezewe yale ambayo wafugaji tayari huyapima: umbali anaotembea mnyama, chakula anachokula kwa kila kilo ya mafuta anayotoa, idadi ya ndama katika maisha yake, na mwaka mbaya aliouvuka. Mfugaji anayejua majina ya majike watano nyuma ana daftari. Anachokosa ni mtu wa kulinakili. La pili, idadi ya mafahali wa mbegu iwe sera, si matokeo ya bei. Mpango unaotumia mafahali wengi wenye sifa nzuri ni salama kuliko ule unaomtegemea bingwa mmoja, hata kama maziwa ya mwaka wa kwanza yatakuwa pungufu kidogo. La tatu, benki za mbegu zijengwe, lakini zisihesabiwe kuwa hifadhi kamili. Wamaldhari wamedai haki ya pamoja juu ya Banni kwa kutumia Sheria ya Haki za Misitu ya India ya mwaka 2006. Madai hayo ya ardhi ni kazi ya uhifadhi wa jeni kwa kiwango kilekile na tangi la naitrojeni, kwa sababu bila mbuga hakuna malisho ya usiku, na bila malisho ya usiku hakuna kinachomteua nyati wa Banni kuendelea kuwa yeye.

Na kwa wale watakaokaa siku moja wizarani wakiwa na kalamu ya kuidhinisha mbegu kutoka nje, nina ombi moja. Msikubali cheti cha fahali kinachoonyesha maziwa ya mabinti zake katika nchi ya mifereji na mashudu, kisha mkakipeleka kwa mfugaji wa nyika. Dai liwe kwamba mabinti wapimwe kwanza kwenye nyika hiyohiyo, kwa chakula hichohicho, kwa misimu isiyopungua mitatu ya kukamuliwa. Kipimo hicho ni ghali na kinachelewesha. Lakini mkikiruka, mfugaji ndiye atakayekifanya kwa hasara yake mwenyewe, na hakuna atakayeandika matokeo.

Sasa nakaribisha maswali, na ningeomba wafugaji watangulie.